Sauti Aliyoishusha Mwenyewe

Mke wangu hakuwa mtu wa sauti ndogo. Kwao ni juu kabisa, kwenye milima, ambako mtu aliye shambani upande huu wa bonde humsalimia aliye upande ule, na wakamaliza habari zote, za wagonjwa, za mbegu, za mbuzi aliyevunja kamba, bila mmoja wao kuhama alipo. Tulipohamia Mlali aliteremka na sauti yake hiyo hiyo. Majirani walijua tunakula nini kabla chungu hakijachemka. Nilikuwa nikimwambia, "Mama, hapa ni tambarare, watu wanasikia." Alikuwa akijibu, kwa sauti ile ile, "Wasikie, kwani tumeiba?"

Ndiyo maana ile rekodi ilinichanganya.

Masika yaliyopita binti yetu, anayeishi mjini, Mafiga, alikuwa na mimba yake ya kwanza. Kliniki walimkataza kupanda gari kwenye barabara mbovu. Mama yake naye goti lilikuwa limevimba, hawezi kwenda kwake. Kuna mambo ambayo kwetu mama humweleza binti anapobeba mimba ya kwanza, na hayaelezwi kwa kupigiana simu, kwa sababu hujui nani amekaa karibu na mwenzako. Inaweza kuwa mkwe, inaweza kuwa shemeji. Mke wangu akasema atayarekodi yote kwenye simu yake, amtumie, binti ayasikilize peke yake kwa wakati wake.

Nakumbuka siku yenyewe. Alikaa kwenye jiko la uani, lile la mabati, akaishika simu karibu na mdomo kama mtu anayepuliza uji. Mimi nilikuwa barazani nikipanga nyanya kwenye matenga, zilizoiva juu, zinazoanza kuiva chini. Mvua ikaanza. Nikamwita aingie ndani ya nyumba, akanipungia mkono niache. Akaendelea kusema mpaka akamaliza.

Binti alisikiliza, akamjibu mama yake kwamba mvua imekula nusu. Mama yake akacheka. "Goti likipona nitakuja nikwambie kwa mdomo," akasema.

Hakwenda. Goti lilipona, lakini kikaja kichwa. Tulimpeleka hospitali, na hatukurudi naye. Sitaki kueleza zaidi ya hapo, maana mpaka leo sijui nieleze nini.

Baada ya arobaini, watu walipokwisha kutawanyika, nilianza kuisikiliza ile rekodi kwenye simu yake. Sikuwa namtafuta binti wala mambo ya kina mama. Nilikuwa namtafuta yeye. Inaanza vizuri: "Mwanangu, hujambo? Mimi mzima, goti tu." Anaeleza habari za chakula, za kutobeba ndoo, za kutolala chali. Sauti yake hiyo yote, imejaa. Kisha inashuka. Inashuka mpaka inaingia ndani ya mvua, husikii neno, unasikia tu kwamba kuna mtu chini ya ile mvua. Halafu inapanda tena, "basi, hapo utakuwa umemaliza," halafu inashuka tena. Ilikuwa hivyo mpaka mwisho.

Mimi nilielewa hivi: alikuwa anachoka. Nikajiambia kwamba ugonjwa ulikwisha kumwingia siku ile, nguvu zinamwisha, anapumzika katikati ya maneno, na mimi nipo hatua chache tu napanga nyanya. Mtu ambaye sauti yake ilivuka bonde ameshindwa kuvuka jiko, na mimi sikugundua. Wazo hilo lilikaa nami kiangazi chote. Sikumwambia mtu.

Wakati huo huo binti yangu, siku zake zikikaribia, alikuwa akinipigia simu kunijulia hali, na kila mara anaishia palepale: "Baba, bora ningemuuliza tena mama. Kuna sehemu anasema usithubutu, halafu mvua. Usithubutu nini?" Shangazi na mama wakubwa wapo, lakini kila mmoja ana lake, na yeye alitaka la mama yake.

Nikaamua kufanya kitu. Sikumwomba binti ruhusa. Nilichukua simu ya marehemu, nikapanda gari asubuhi kwenda mjini.

Mafiga, nyuma ya duka la vifaa vya simu, kuna fundi wa kurekodi. Ni mtu mzima, mnene, ndevu zimeanza mvi. Anarekodi kasida za madrasa, na yale matangazo ya dawa ya panya yanayopita sokoni na spika. Chumba chake amekitandika magodoro ukutani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nina sauti ya marehemu mke wangu. Imeingiliwa na mvua."

"Pole sana. Mvua ya mabati?"

"Ya mabati."

Akatikisa kichwa. "Mvua ya mabati ni mchawi. Bora mashine ya kusaga, ile inavuma mahali pamoja, ukishaijua unaikata. Mvua inakaa kila sehemu. Lakini lete tuone."

Akaihamisha kwenye kompyuta. Sauti ikatokea kwenye kioo, nikaiona kwa macho: mahali anaposema kwa nguvu pana vilima, mahali anaposhuka pamelala kama shamba la mpunga. Nikamwonyesha kwa kidole hapo palipolala. Nikamwambia nataka hapo, kwamba binti yangu anakaribia kujifungua na anayataka maneno hayo.

Kwanza alijaribu kitu alichokiita geti. Alinieleza vizuri, nami namshukuru, kwa sababu mimi ni darasa la saba na sikujifanya kuelewa. Alisema ni mlango. Unauwekea kizingiti. Sauti yenye nguvu ya kuvuka kizingiti, mlango unafunguka, inapita. Isiyofika, mlango unafungwa, kimya. Mvua ni ndogo kuliko mtu anayesema, kwa hiyo mtu anaponyamaza mlango unaifungia mvua nje.

Akacheza. Nilishangaa. "Mwanangu, hujambo?" Halafu kimya safi, hakuna hata tone. "Mimi mzima, goti tu." Kimya safi. Kama vile hakukunyesha siku ile. Nikafurahi kwa dakika kadhaa. Kisha tukafika pale panaposhuka, na pakawa hakuna kitu. Hakuna mvua, hakuna yeye.

"Amekwenda wapi?"

"Yuko nje ya geti, mzee. Sauti yake imeshuka chini ya kizingiti. Mlango umemfungia yeye na mvua yake pamoja."

Sikupenda. Mvua ilipokuwepo nilijua yuko chini yake. Nikamwambia afungue.

"Sawa. Basi tutumie kompresa. Hii inamshika anayepiga kelele, inamkandamiza kidogo kichwani. Kelele ikishashuka, tunawainua wote kwa pamoja. Mwenye sauti kubwa na mwenye sauti ndogo wanakuja kukaribiana."

"Kama mwenyekiti wa kikao."

"Mwenyekiti gani unayemjua wewe, mzee? Wa mtaani kwetu ndiye anayepiga kelele kuliko wote."

Akaanza kuvuta vitu kwa kipanya. Vilima kwenye kioo vikafupika, shamba la mpunga likaanza kuumuka. Mvua nayo ikapanda, ikajaa chumbani, nikajikuta naangalia juu. Fundi akasema ndiyo hasara yake, ukimwinua mnyonge unainua na takataka zilizomzunguka, lazima uchague. Akapunguza ule ukali wa juu wa mvua, akarudi kwenye kompresa, akaweka geti upya, la chini zaidi. Tukasikiliza tena. Na mke wangu akasema, karibu kabisa, kana kwamba ameegemea bega langu:

"Ngoja kwanza, baba yako katega sikio hapo nje."

Fundi akaangua kicheko.

"Haya sasa sikiliza," mke wangu akaendelea, haraka haraka, kwa sauti ya puani ambayo kwa miaka yote ya ndoa sikuwahi kuisikia. "Haya si ya wanaume. Maji yakishapoa, mumeo asi..."

"Zima!" nikasema.

Fundi akazima. Nje mtu alikuwa akijaribu mlio wa simu, mmoja baada ya mwingine.

Sijui nieleze vipi nilivyokuwa. Hakuwa amechoka. Hilo nililielewa palepale. Alikuwa akiishusha sauti mwenyewe, kwa makusudi, kila alipofika kwenye mambo ya ndani, kwa sababu mimi nilikuwa barazani. Nilipaswa kufurahi. Lakini nilikuwa nimepanda gari kutoka Mlali, nimempa mwanamume nisiyemjua kazi ya kuinua kila neno ambalo yeye alilishusha ili mwanamume asilisikie. Na alisema nimetega sikio. Siku ile, wallahi, sikutega. Nilikuwa na nyanya zangu. Lakini sasa nimekaa kwenye kiti, mikono magotini, nimetega. Alinituhumu kabla, nami nikaja kulitimiza baadaye. Nilitaka kumwomba radhi, sikujua kwa lipi.

"Tuendelee, mzee?"

"Hapana."

"Basi nimpe binti hivi hivi? Bado haijakaa sawa."

"Imalize. Lakini usisikilize."

Akanitazama. "Unataka nipike bila kuonja."

"Si una zile taa zinazopanda na kushuka? Fuata hizo."

Kwa heshima yangu alijaribu. Akazima spika, akafuata taa, kijani, njano, kijani. Baada ya muda akaacha kipanya. "Mzee, nisikudanganye. Kompresa naweza kuisogeza kwa macho. Geti siwezi. Nikikosea kidogo tu linakata mwisho wa maneno, na mama huyu mwisho wa maneno yake anauzamisha. Binti atasikia 'fanya', hatasikia 'usizidishe'. Na hapa tunaongelea mtoto mchanga."

Hapo nilikwama kweli. Nikiacha ilivyo, binti yangu anajifungua na nusu ya maneno ya mama yake. Nikiruhusu, wanaume wawili tunasikiliza alichotuficha. Nikamwuliza kama mkewe yupo.

"Yuko Mikese, anauza mahindi ya kuchoma kwa wasafiri. Lakini kuna mama wa cherehani hapo jirani."

Akaja mama wa makamo, tepu ya kupimia shingoni, vipande vya uzi kwenye kanga. Kabla sijamaliza kueleza akaniuliza mimi ni mtu wa wapi. Nikamwambia Mluguru.

"Haa! Watani zangu!" akapiga kofi. "Mimi Mnyamwezi. Kwa hiyo Waluguru mmeshindwa kumsikia hata marehemu wenu, mpaka aje Mnyamwezi awasikilizie? Na hayo masikio mnayafanyia nini, mnakaushia tumbaku?"

Nilicheka, mara yangu ya kwanza kwa muda mrefu. Na nikapata wepesi fulani. Kwetu msibani mtani ndiye anayeingia pale ndugu hawezi. Anashika kile ambacho wewe huthubutu kukigusa, na anakutukana wakati anakishika. Nikamwambia sasa kila kitu, kwamba ni mambo ya kina mama, ya mimba, na baadhi ya maneno ni ya Kiluguru.

Akavua tepu shingoni, akaifuta mikono yake kwenye kanga. "Kiluguru nakijua, nimeolewa huko kwenu, maskini mimi," akasema taratibu. Akavaa zile spika za masikioni.

Fundi alikaa kwenye kipanya bila kusikia chochote, akifuata mkono wa yule mama: kiganja juu, pandisha; kiganja chini, shusha. Mimi nilisimama mlangoni.

"Rudisha," akasema yule mama. "Mlango wako unafunga mapema. Umemkata."

"Amekatwa wapi?"

"Siwezi kukwambia wapi. Wewe rudisha tu."

"Sasa nitajuaje pa kurudi, mama?"

"Hapo kwenye kichuguu kidogo. Siyo hicho. Hicho alikuwa anakohoa."

Fundi akanigeukia, akaeleza kwa kunong'ona kwamba geti halifungwi kwa pupa, analiongezea muda wa kujifunga polepole ili mkia wa neno upite. Mama wa cherehani akainua kiganja, anyamaze.

Kisha akaanza kusikiliza hasa. Akawa anaitikia kwa kichwa, kama unavyomwitikia mtu mliyekaa naye mkeka mmoja. Akasema, "Ee." Akasema, "Hapo umesema, dada." Kufika mahali fulani akacheka mpaka akainama kwenye meza, akampiga fundi begani, fundi akacheka naye bila kujua anacheka nini. Nilikuwa nikimwangalia mwanamke nisiyemjua akiongea na mke wangu, na mke wangu akimchekesha, na mimi nikiwa nyuma ya sauti yote hiyo. Nilimwonea wivu. Ndivyo ilivyokuwa, sina neno zuri zaidi.

Alipomaliza akaja mlangoni, akanitazama kutoka unyayoni hadi kichwani, macho yamelowa.

"Kumbe ndiye wewe."

"Mimi nini?"

"Hakuna."

"Amesema nini?"

"Mtani! Umeniita nisikie mimi ili usisikie wewe. Sasa waniuliza?"

Nikaona nimwulize lile jingine, lililonikaa kiangazi chote. "Sauti yake hapo chini. Ni sauti ya mgonjwa?"

Akashangaa. "Mgonjwa? Yule alikuwa anajizuia kucheka."

Akarudi kwenye cherehani yake. Fundi akaniwekea rekodi kwenye kadi ndogo. Nikamwomba aifute kwenye kompyuta, akaifuta mbele yangu, pale kwenye kioo pakawa patupu. Sijui kufuta kwa kompyuta kukoje, kama ni kufuta au ni kuficha. Nilichukua neno lake.

Binti yangu nilimkuta amejilaza. Nikampa kadi, nikamwambia yote, kuanzia geti hadi Mnyamwezi.

"Wewe umesikia kiasi gani, Baba?"

"Sentensi moja na nusu. Moja ananisema mimi."

Akajifunika kanga usoni. Mabega yakatikisika, sikuweza kujua analia au anacheka. "Alisema unatega sikio?"

"Hiyo."

"Sasa Baba, ulikuwa umetega?"

"Sikutega."

"Mama siku zote alisema unatega. Tangu niko mdogo. Tukikaa jikoni anasema tushushe sauti, baba yenu huyo."

Nilitoka nikakaa sebuleni wakati anasikiliza. Nilijaribu kuwakumbuka wakiwa jikoni miaka hiyo, na nikakumbuka kelele tu, sauti yake ikijaa uani mpaka kwa majirani. Nimeishi na mtu aliyesikika ng'ambo ya bonde, nikadhani nimesikia yote. Kumbe zile kelele zilikuwa za wote, na zilizokuwa zake alizishusha. Sijui kama hilo ni jambo la kusikitisha. Kuna wakati nikiliwazia naona raha, kwamba alikuwa na mahali pa kuchekea nisipopajua. Dakika inayofuata sioni raha.

Binti alijifungua salama, mtoto wa kike. Dada mkubwa wa mke wangu akateremka kutoka milimani, wakafunga mlango wa chumba, wakawa wanamwogesha mtoto na kumkanda mama yake. Asubuhi ya kwanza wako nyumbani, nami niko hapo hapo kwa binti, Mafiga, mlango ukafunguka kidogo, binti akaita.

"Baba, tutafutie majani ya mpera. Machanga. Uchume kwa mkono wa kushoto."

"Ya nini?"

"Baba, lete tu."

Shemeji yangu akachungulia juu ya bega lake. "Na ukiwa nayo njiani, shemeji, usiitikie salamu ya mtu mpaka ufike mlangoni."

"Hilo nalo amelisema mke wangu, au ni lako?"

Wakatazamana. Wakafunga mlango.

Mpera uko kwa jirani, nyumba ya nne. Nilichuma kwa mkono wa kushoto. Wakati wa kurudi nikakutana na mama wa cherehani akielekea kazini, akaniita kutoka mbali, "Mtani! Umejaaliwa mjukuu?" Nilimpita kimya, majani nimeyabana kifuani. Sikujua ananionaje. Nikamsikia nyuma yangu akianza kucheka, kicheko cha mtu anayejua naenda wapi na majani yale ni ya nini, nami nikaongeza mwendo.